Akiba haiozi, hata jangwani

UKITAKA kuliangalia vizuri ua hili, itakubidi ulale kifudifudi mchangani.

Linaitwa nyota ya jangwa la Mojave, nao wataalamu wa mimea hulijua kama Monoptilon bellioides. Humea katika majangwa ya Mojave na Sonora, kusini magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico. Wamarekani huyaita maua madogo kama haya “maua ya tumbo”, kwani anayetaka kuyaona sharti alalie tumbo.

Petali zake ni nyeupe, na katikati ni manjano. Ni jamaa ya alizeti, lakini usitarajie kimo cha alizeti! Mmea wenyewe ni wa sentimita chache tu, na mwaka wa ukame huweza kutoa ua moja pekee.

Je, mmea mnyonge namna hii huishi vipi Death Valley, jimbo la California, ambako Julai 10, 1913 joto lilifikia nyuzi 56.7? Mvua ya mwaka mzima huko ni kama milimita 60 hivi, ilhali Nairobi hupata karibu 1,000.

Siri iko katika mbegu. Mmea huu huota kwa mvua za majira ya baridi, huchanua, humwaga mbegu na kufa kabla ya joto kali. Kiangazi humkuta mwenyewe amejificha udongoni.

Hata hivyo, mvua inaponyesha si mbegu zote zinazoota. Nyingine hubaki zikingoja mwaka mwingine. Lau zote zingeota kisha mvua ikakatika, ukoo mzima ungeangamia.

Mwaka wa 1982, mtaalamu Lawrence Venable wa Chuo Kikuu cha Arizona alianza kuhesabu mimea ya aina hii Tumamoc Hill, mjini Tucson. Kazi hiyo ya miaka mingi ilionyesha kwamba kadiri mavuno ya mmea yanavyoyumba mwaka hadi mwaka, ndivyo unavyobakiza mbegu nyingi zaidi. Ni kama mama muuza mboga asiyejua kesho atauza kiasi gani: akipata leo, hatumii zote leo.

Ndiyo maana Death Valley ilifunikwa na maua mwaka wa 1998, 2005 na 2016. Waliopita hapo awali walidhani ni mchanga mtupu, kumbe walikuwa wakikanyaga akiba.

Akiba hiyo sasa ina adui. Haradali ya Sahara, gugu lenye asili ya Afrika Kaskazini na nchi za karibu, imeenea katika majangwa hayo. Huota mapema, hurefuka upesi na kuyafunika maua mafupi kabla hayajatoa mbegu.

Binadamu naye ana lawama. Kuchuma maua katika mbuga za taifa za Marekani ni marufuku, kwa kuwa anayechuma ua huondoka na mbegu za miaka ijayo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walakini, msomaji, huweza kuibwa.