Mtoto wa mbwa naye huambukiza kichaa

Mtoto wa mbwa aliyeletwa nyumbani juzi anacheza na watoto uani. Anamng'ata mmoja wao kidole, damu inatoka kidogo tu. Mtoto anaficha mkono, maana alishakatazwa kumchezea na anaogopa fimbo.

Wazazi wengi huogopa mbwa wakubwa wanaozurura mitaani, lakini virusi vya kichaa cha mbwa havichagui umri wa mnyama. Hukaa kwenye mate, na mbwa anaweza kuambukiza siku kadhaa kabla hajaonyesha dalili. Paka naye vivyo hivyo. Hata mkwaruzo, au kulambwa penye kidonda, kunatosha.

Shirika la Afya Duniani linasema kati ya kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Majivu na mafuta ya taa havisaidii. Kisha mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo akachomwe chanjo. Dalili kwa binadamu mara nyingi hujitokeza baada ya miezi 2 hadi 3, kidonda kikiwa kimepona na kusahaulika. Zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Mbwa mwenyewe achanjwe akifikisha miezi 3. Na mtoto aambiwe mapema: ukikwaruzwa njoo useme, hutapigwa.