Mdudu Aliyetapika Dawa

Wanangu, sogeeni karibu na mbabula. Kuku anaiva, na kabla hajaiva nitawasimulia habari za mdudu aliyeishi tumboni mwa kuku kama huyu.

Tuseme kuku wetu alilelewa Kasapa, upande ule wa kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Banda lilikuwa dogo, kuku walibanana. Kuku wa nyama huuzwa akiwa na wiki sita hivi, na ugonjwa ukiingia kabla ya hapo, karo ya watoto imekwenda. Mfugaji aliogopa hasara. Kila asubuhi alikoroga unga wa tetrasaiklini katika maji ya kunywa, ingawa hapakuwa na kuku mgonjwa hata mmoja. Simlaumu sana, kwani pakiti aliuziwa sokoni na hakuna aliyemweleza chochote.

Tumboni mwa kuku mna bakteria wasiohesabika, na wengi hawana ubaya. Lakini wakati mwingine humo hukaa salmonela au kampilobakta. Kuku huwabeba na kuendelea kudonoa kana kwamba hakuna kitu; mtu akiwameza, huharisha na kushikwa na homa.

Dawa iliposhuka, bakteria wengi walidhoofika wakaacha kuzaana. Mmoja hakudhurika. Alikuwa na pampu ndogo sana kwenye ngozi yake, na kila dawa ilipoingia, aliitapika nje. Sikilizeni vizuri hapa, maana hata wakubwa hukosea: mdudu huyu hakuizoea dawa polepole. Pampu alikuwa nayo kabla dawa haijafika, imeandikwa katika vinasaba vyake. Kazi ya dawa ilikuwa kumwondolea majirani tu, chakula chote kikabaki chake. Bakteria wa namna hii wakipata joto na chakula hugawanyika kila dakika 20 hivi. Mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Fanyeni hesabu wenyewe: baada ya saa 7 wamepita milioni mbili, wote wana pampu.

Wala si mchoyo. Humgusa bakteria wa ukoo mwingine kabisa na kumpa nakala ya kinasaba chake. Wajapani waligundua hilo miaka ya 1950, walipokuwa wakihangaika na ugonjwa wa kuhara damu. Kwa hiyo hata bakteria mpole anaweza kumpa salmonela silaha.

Mtaniuliza: kweli mdudu huyu hutoka bandani akamfikia mtu? Daktari Stuart Levy wa Marekani alijiuliza vivyo hivyo. Aliwapa kuku wa shamba moja karibu na Boston chakula chenye oksitetrasaiklini, ndugu ya ile tetrasaiklini ya mfugaji wetu. Baada ya wiki moja hivi, karibu bakteria wote wa matumbo yao walikuwa sugu, yaani dawa haikuwaweza. Miezi michache baadaye bakteria sugu waliongezeka matumboni mwa watu walioishi shambani hapo, watu ambao hawakumeza kidonge chochote. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1976. Lakini habari ina upande wa pili, na mimi huupenda: chakula kile kilipoondolewa, ndani ya miezi sita watu 8 kati ya 10 waliopimwa hawakuonekana tena na bakteria hao.

Turudi kwa kuku wetu. Alipochinjwa, utumbo ulipasuka na mdudu akabaki kwenye ngozi ya nyama. Barafu haimmalizi, kwa hiyo hata kuku wa friji anayepita mpaka wa Kasumbalesa kwa lori anaweza kuwa naye. Moto ndio humuua. Nyama ikifika nyuzi 74 mpaka ndani kwenye mfupa, si yule dhaifu tu anayekufa, hata mwenye pampu hufa. Hatari iko kwenye kisu. Kisu kilichokata kuku mbichi kikikata nyanya na vitunguu vya kula vibichi pamoja na bukari, mdudu ameshapanda sahani bila kuonja moto.

Mara nyingi tumbo huuma, mtu hunywa maji yenye chumvi na sukari, hupona. Ila salmonela ikiingia kwenye damu ya mtoto mdogo, bila dawa inayofanya kazi mtoto huyo anaweza kufa. Mwaka 2019 watafiti walieleza juu ya salmonela iliyopatikana katika damu ya wagonjwa hapa Congo, na baadhi yake ilishinda hata dawa za seftriaksoni na azithromaisini. Sisemi ilitoka kwa kuku. Nasema daktari anayekutana nayo amebakiwa na dawa chache mno mkononi.

Basi, bana, kazi yenu ianze leo. Osheni kisu na ubao kwa sabuni kabla ya kugusa nyanya. Na nyumbani kwenu wakifuga kuku, mwombeni baba au mama asitie dawa kwenye maji ya kuku wazima, na kuku akiugua amwite kwanza daktari wa mifugo.