Nondo mdogo na amana ya majina

Tarehe 17 Januari 2017, siku tatu kabla ya Donald Trump kuapishwa kuwa Rais wa Marekani, jarida la kisayansi liitwalo ZooKeys lilichapisha makala ya mtaalamu wa wadudu wa nchini Kanada, Vazrick Nazari. Makala hayo yalimtambulisha nondo ambaye hadi siku hiyo hakuwa na jina katika vitabu vya wanadamu. Nazari alimwita Neopalpa donaldtrumpi, kwa kuwa kichwani ana magamba meupe yenye umanjano, yaliyolala mfano wa nywele za kiongozi huyo.

Dunia ilicheka, na kicheko kikapita. Sisi tunaona kwamba nyuma ya kicheko hicho limebaki somo linalostahili kusomwa na wazazi pamoja na watoto wao.

Nondo mwenyewe ni mdogo mno. Mabawa yake yakikunjuliwa hayafiki sentimita 1 kutoka ncha hadi ncha. Yale ya mbele yana rangi ya manjano inayoelekea machungwa, na kingo zake ni za kahawia. Makazi yake ni kusini mwa California, na pia Baja California iliyo ng'ambo ya mpaka, nchini Mexico. Wakati wanasiasa walipokuwa wakibishana juu ya ukuta wa kuzitenga nchi hizo mbili, kiumbe huyu alikuwa na jamaa zake pande zote mbili.

Alivyotambuliwa

Msomaji asidhani kwamba mtaalamu alimkimbiza nyikani kwa wavu. Nondo huyu alikuwa amekwisha kukamatwa, akachomwa pini na kuhifadhiwa kwenye makumbusho, wala hapakuwa na aliyejua kuwa ni wa aina ya peke yake. Nazari alikuwa akipitia wadudu walioazimwa, wakiwemo wa Makumbusho ya Bohart ya Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis. Katika jenasi ya Neopalpa ilikuwa ikijulikana spishi moja tu, Neopalpa neonata. Alipowatazama kwa makini, akaona baadhi yao hawafanani na wenzao.

Kuona tofauti hakutoshi. Ilimlazimu kulinganisha mabawa, kuchunguza viungo vya ndani kwa hadubini, na kupima vinasaba. Kisha, kwa mujibu wa kanuni za fani hiyo, mdudu mmoja huteuliwa kuwa shahidi wa jina. Huyo hutunzwa makumbusho pamoja na maelezo ya mahali na siku aliyopatikana, ili kila mwenye shaka baadaye aende akamtazame. Walioonja elimu ya hadithi hawataliona jambo hili kuwa geni: dai lisilo na ushahidi wa kurejewa halipokelewi, hata msemaji awe nani.

Faida ya kuwatofautisha

Huenda mtu akauliza, yanatuhusu nini haya ya nondo wa Marekani? Nondo huyu ni wa familia moja na yule ambaye wakulima wa nyanya nchini kwetu wamempa jina la kanitangaze. Asili ya kanitangaze ni Amerika ya Kusini, naye aliingia Tanzania na Kenya mwaka 2014. Viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, na wamewatia hasara kubwa watu waliotumia akiba yao yote shambani. Kwa macho ya kawaida, nondo hawa wadogo wote ni vumbi lenye mabawa. Asiyeweza kuwatofautisha humwacha adui akaingia, au humwagia sumu asiye na kosa. Walio wengi hawatudhuru. Ni chakula cha popo, ndege na mijusi, na wengine huchavusha maua usiku sisi tukiwa tumelala.

Nazari alieleza kuwa kwa jina lile alitaka kuwavuta watu wayatazame mazingira dhaifu yanayohitaji kulindwa, ambamo bado mna viumbe wengi wasiojulikana. Miji inapanuka na nyika zinapungua. Kiumbe asiye na jina akitoweka hana wa kumlilia, kwani hakuna aliyejua kuwa alikuwepo. Huo ndio msiba wenyewe, nao hauko California peke yake. Misitu yetu nayo inakatwa, na waliomo ndani yake hatujawamaliza kuwahesabu.

Sisi Waislamu tunajua kuwa heshima ya kwanza aliyopewa baba yetu Adam (AS) mbele ya Malaika ilikuwa ni kufundishwa majina. Tunajua pia, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Nabii mmoja aliumwa na sisimizi akaamuru kijiji chao kichomwe moto. Mola wake akamlaumu kwa kuwa, kwa sababu ya sisimizi mmoja, aliangamiza umma unaomtukuza Mwenyezi Mungu. Elimu ya majina, basi, ni amana. Kumjua kiumbe ni kuanza kuwajibika kwake.

Nyumbani tuanzie wapi? Baada ya sala ya Isha, mzazi awaketishe watoto karibu na taa ya barazani. Wawatazame nondo bila kuwagusa, wahesabu ni wa namna ngapi, wawachore daftarini na kuandika tarehe. Wafundishwe kwamba vipepeo wana vipapasio vyenye kifundo nchani, ilhali vya nondo walio wengi ni kama uzi au unyoya. Mtoto aliyezoea kutazama hivyo hatakuwa mwepesi wa kukanyaga. Na huenda, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, akawa yeye wa kuleta ushahidi wa kiumbe wa misitu yetu ambaye bado anangoja jina.