Nahodha Ndani ya Kisanduku

Msomaji wetu mmoja anayeishi Minnesota, Marekani, ametuandikia swali ambalo nimetembea nalo kichwani wiki nzima. Anapika bia nyumbani, jambo ambalo sheria ya shirikisho huko inaliruhusu tangu Rais Jimmy Carter alipotia saini mwaka 1978, na amejiundia kisanduku cha kubebeka: swichi ya pampu, swichi ya hita, kioo kidogo cha tarakimu. Ameweka nyuzi 66. Tarakimu zimefika 66. "Mbona taa ya hita bado inakonyeza? Nimekosea waya?"

Hukukosea, ndugu yangu. Kukonyeza huko ndiko kunakonifurahisha kuliko bia yenyewe.

Mambo ya kusaga kimea na kutia hopsi nayaruka. Inatosha kujua kwamba shayiri iliyooteshwa, ikilowekwa katika maji ya moto, hutoa togwa tamu, maana vimeng'enya vyake huukata wanga kuwa sukari. Beta-amilasi hustawi kati ya nyuzi 60 na 65, ikimega sukari nyepesi kutoka ncha za mnyororo wa wanga. Alfa-amilasi hupenda nyuzi 70 hivi na hukata popote katikati. Ukikaa kwenye 63 utapata bia kavu. Kwenye 69, bia nzito, kwa kuwa hamira haivili vile vipande vikubwa. Nyuzi sita tu! Swichi ya pasi, inayokata moto ukizidi na kuurudisha ukipungua, ingelirusha joto juu na chini kupita mpaka huo.

Kinachohitajika ni nahodha. Mwaka 1922 mhandisi mzaliwa wa Urusi, Nicolas Minorsky, alichapisha huko Marekani makala kuhusu vyombo vinavyojiongoza vyenyewe, baada ya kuwatazama mabaharia wakishika usukani. Mbinu yake ilijaribiwa kwenye manowari USS New Mexico. Aliyoyaona, mtu yeyote aliyesafiri kwa jahazi ameyaona.

Mwanagenzi akipewa usukani huangalia jambo moja: omo imeacha njia kiasi gani. Ikiacha kidogo, anakata kidogo. Ikiacha sana, anakata sana. Si vibaya, lakini anangoja omo irudi kwenye mstari ndipo aulegeze usukani, na kufikia hapo jahazi limeshashika kasi ya kugeuka, linapita upande wa pili. Tazama povu nyuma ya tezi: limepinda kama nyoka. Nahodha mzoefu hutazama pia omo inageuka kwa kasi gani, na huurudisha usukani mapema, chombo kingali njiani. Huyo anaiona kesho. Kisha kuna kusi. Upepo unasukuma ubavuni mchana kutwa, na jahazi linateleza pole pole kwenda kando. Nahodha anakumbuka kwamba tangu asubuhi wamekuwa wakipotea upande uleule, basi anaushikilia usukani umelala kidogo hata pale omo inapoelekea sawasawa. Huyo anaikumbuka jana.

Leo, kesho na jana: ndizo herufi P, D na I zilizoandikwa kwenye kifaa chako. Vitabu vyetu hukiita kidhibiti. Kisarufi ni safi, ila sikio langu linakataa. Kudhibiti ni kubana. Hudhibitiwa magendo, hudhibitiwa wezi. Nahodha haibani bahari. Napendekeza kisukani, kutoka sukani: wingi wake visukani, na mtoto wa pwani ataelewa bila kufafanuliwa.

Sasa taa yako. Tuseme sufuria linapoteza joto hewani kwa kiasi ambacho asilimia 10 ya nguvu ya hita hukifidia. Kisukani kinachojua leo pekee, chenye amri ya kutoa asilimia 10 kwa kila nyuzi moja inayopungua, kitasimama kwenye 65, maana kikifika 66 kitatoa sifuri na joto litashuka. Jana ndiyo inayookoa: upungufu hulimbikizwa sekunde kwa sekunde mpaka ile asilimia 10 itolewe hata kosa likiwa sifuri. Relei ya semikonda, isiyo na sehemu inayocheza, huigawa kwa muda. Katika kila sekunde mbili, hita huwaka sehemu ya kumi mbili za sekunde, kisha huzima. Huko ndiko kukonyeza. Hewa ya jikoni kwako ndiyo kusi.

Pampu nayo ni jicho la nahodha. Bila togwa kuzunguka, waya wa platinamu ulio ndani ya kipimajoto, wenye omu 100 kwenye nyuzi 0 na omu 138.5 kwenye nyuzi 100, husoma joto la kona yake tu, na habari humfikia nahodha zimechelewa. Hita ya wati 5,500 kwa volti 240 huvuta karibu ampea 23, tena penye majimaji, kwa hiyo weka waya wa ardhi na swichi inayokata umeme unapovuja, na fundi umeme akague kazi.

Kifaa chako kina uwezo wa kujipima chenyewe ili kipange uzito wa leo, jana na kesho. Kiruhusu kijipime sufuria likiwa na maji ya kiasi kilekile unachopikia, pampu ikizunguka. Likiwa nusu, kitajifunza kuongoza mtumbwi, nawe utakuwa umepakia jahazi.