Kompyuta 'imekataa': Imekataa nini, na wewe ulifanya nini?

KITENZI kimoja kimetuzoesha uvivu sisi wasemaji wa Kiswahili hapa Kenya: kukataa. Gari limekataa kuwaka, kalamu imekataa kuandika, simu imekataa, wifi imekataa. Na kompyuta, msomaji mpendwa, haina siku isiyokataa. Ofisini kwangu nalisikia neno hilo mara kadhaa kwa wiki, kutoka kwa wanafunzi na hata kwa wenzangu wenye shahada tatu. Nami nilikuwa hivyo hivyo, hadi siku kitenzi hicho kilipokaribia kunipotezea kazi ya miaka minne.

Ilikuwa mwaka 2017. Laptopu yangu (wasomi wenzangu watanisamehe, sijawahi kumsikia mtu akiuliza bei ya kipakatalishi dukani) ilikuwa imehifadhi rekodi na maelezo ya msamiati wa bahari niliyoyakusanya kutoka kwa manahodha na wavuvi wazee wa Pwani. Majina ya pepo, ya sehemu za jahazi, ya namna za kutweka na kutua tanga. Mmoja wa wazee hao alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nakala ya mwisho niliyoiweka nje ya laptopu ilikuwa na umri wa miezi saba, na sauti yake haikuwamo.

Laptopu hiyo ilitumia Linux, mfumo endeshi ambao kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Toleo langu lilikuwa Ubuntu 16.04. Ubuntu ulianza kutolewa mwaka 2004 kwa ufadhili wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni la lugha za Kinguni, ndugu wa damu wa neno letu utu. Nakiri kwamba nililichagua kwa sababu ya jina. Mwanaisimu ana udhaifu wake.

Asubuhi moja niliiwasha, nikaandika nywila. Skrini ikawa nyeusi kwa sekunde moja, ikapepesa, kisha ikanirudisha palepale pa kuandika nywila. Nikaandika tena. Ikanirudisha tena. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Aliitazama kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai, akasema, "Hii imekufa, mzee. Tutafomati tu, tuweke Windows." Nikamuuliza kuhusu faili zangu. "Hizo sasa ni kuomba Mungu."

Niliichukua laptopu yangu nikarudi nayo nyumbani. Usiku huo nilimwandikia aliyekuwa mwanafunzi wangu, sasa mkutubi kule Nakuru, ambaye najua hutumia Linux. Ujumbe wangu wote ulikuwa huu: "Kompyuta imekataa kufunguka, tafadhali nisaidie." Jibu likaja mara moja: "Prof, imekataa aje?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimesema lolote. Laiti mwanafunzi angaliniandikia kwenye tasnifu kwamba sentensi fulani "imekataa", ningalimrudishia kazi yake.

Kwa vile tatizo lilimzidi, aliniunganisha na mtumiaji mwenzake aliyeko Dar es Salaam. Watumiaji wa Linux wana desturi hiyo ya kupokezana wagonjwa, bila malipo, na mara nyingi bila kujuana kwa sura. Simu ikalia.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba mwanangu."

"Nimeambiwa mashine yako imegoma."

Nilicheka kidogo. Kumbe ng'ambo ya mpaka kompyuta hazikatai, hugoma! Kwa mhadhiri wa chuo cha umma nchini Kenya, mgomo ni jambo linaloeleweka kwa haraka. Lakini kijana huyo hakuridhika na kugoma kwake wala kukataa kwangu. Aliniuliza swali ambalo fundi wa mjini hakuniuliza.

"Ukikosea nywila makusudi, inasemaje?"

Nikajaribu. Ikasema nywila si sahihi.

"Na ukiandika ya kweli?"

"Haisemi kitu. Inanirudisha tu."

"Basi haijakukataa, Profesa. Imekukubali, halafu ikashindwa kukufungulia chumba."

Nimefundisha semantiki kwa zaidi ya miaka thelathini na sijapata kuona tofauti ya vitenzi viwili ikifanya kazi kubwa namna ile. Kukataliwa kungekuwa suala la nywila. Kurudishwa kulimaanisha kwamba nywila ni nzima na kwamba kasoro iko baada ya mlango. Alinielekeza nibonyeze Ctrl, Alt na F1 kwa pamoja, nikatokea kwenye skrini nyeusi ya maandishi matupu. Pale niliandika jina na nywila, nikaingia bila shida. Diski, kwa hivyo, ilikuwa hai. Sauti ya marehemu nahodha ilikuwa humo ndani. Niliomba udhuru, nikaenda kunywa maji.

Kisha ikaanza kazi ya kusomewa amri kwa simu, na hapa nawaambia walimu wa lugha kwamba somo la uakifishaji si la mtihani pekee. Kwanza alinitajia amri ya df -h, inayoonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski, maana diski ikijaa kabisa nayo huweza kukurudisha mlangoni vivyo hivyo. Yangu haikuwa imejaa. Halafu akasema, "Andika ls, acha nafasi, kistari kifupi, l, acha nafasi, nukta, Xauthority." Nikaandika, ikajibu kwamba faili hiyo haipo. Tuliangaika dakika tano nzima. Kosa lilikuwa langu: aliposema nukta, mimi nilidhani amemaliza sentensi! Kumbe nukta ni sehemu ya jina. Katika Linux, faili ambayo jina lake linaanza kwa nukta hufichwa isionekane katika orodha ya kawaida.

Nilipoiweka nukta mahali pake, faili ikaonekana, na kando yake jina la mwenyewe likasomeka root mara mbili. Root ndiye msimamizi mkuu wa mfumo. Faili hiyo ndogo huhifadhi ufunguo unaoziruhusu programu zako kuchora kwenye skrini, na inapaswa kuwa mali yako wewe mtumiaji. Ikiwa mali ya root, unaingia, mazingira yako yanajaribu kuigusa, yanazuiwa, yanaporomoka, nawe unarudishwa ulikotoka.

"Profesa, jana ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu."

"Faili haijigeuzi mali ya root."

Kimya. Ndipo nikakumbuka. Siku iliyotangulia nilitaka kubadilisha faili moja ya mipangilio, ikakataa kuhifadhiwa. (Hiyo ndiyo mara ya pekee katika kisa hiki kompyuta ilipokataa kwa kweli, na ilikuwa na haki.) Nilikuwa nimesoma mahali kwamba ukitanguliza neno sudo, yaani ukivaa kofia ya msimamizi mkuu, kila kitu hukubali. Nikafungua programu ya kuhariria yenye dirisha na vitufe nikiwa nimevaa kofia hiyo. Katika matoleo ya miaka ile, kufanya hivyo kuliweza kuacha faili za mtumiaji mikononi mwa root. Kwa hivyo haikukataa, haikugoma, haikufa. Niliiharibu mwenyewe kwa mikono yangu miwili.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: sudo chown, jina langu, nukta mbili, jina langu tena, kisha jina la faili pamoja na nukta yake. Ctrl, Alt na F7 zikanirudisha kwenye skrini ya kawaida. Nikaandika nywila, nikaingia. Kabla sijamshukuru kijana wa watu, nilichomeka diski ya nje nikaanza kunakili.

Naeleza haya yote katika safu ya lugha kwa sababu nadhani wataalamu wa istilahi, nami nikiwa mmoja wao, tumeelemea upande mmoja. Tumebishana miaka na mikaka kuhusu nomino: iwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Kipanya au mausi? Kazi nzuri imefanywa. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili. Siipuuzi hata kidogo. Ila menyu ni nomino na amri, na mtu hahitaji msaada wa jirani kompyuta inapokuwa nzima. Anauhitaji inapoharibika, na kuharibika ni shughuli ya vitenzi. Huko hatuhitaji kuunda hata neno moja. Tunahitaji kutumia tulichonacho.

Chukua kitenzi kuzima na viambishi vyake. Kompyuta imezimwa: yupo mtu aliyeizima. Imezimika: imekatikiwa na umeme, au betri imeisha. Imejizima: pengine imepata joto kupita kiasi ikajikinga. Kwa msaidizi aliye mbali, hizo ni njia tatu tofauti za kutafuta chanzo. Linux yenyewe huandika shajara ya kila kinachotendeka, na amri ya journalctl -b -1 huonyesha yaliyoandikwa kabla ya kuwashwa kwa mara hii, ikiwa mfumo umepangwa kuyahifadhi. Kompyuta iliyozimwa kwa taratibu huacha kurasa za kuagana, huduma moja baada ya nyingine ikifungwa. Iliyokatikiwa umeme hukoma ghafla, katikati ya maneno yake. Kiambishi ulichokitumia ndicho kitakachomwambia mwenzako atazame ukurasa gani.

Au chukua hiyo wifi ambayo kila mtu husema imekataa. Ikiwa mtandao hauonekani kabisa, huenda kifaa hakitambuliki au kimefungwa kwa swichi. Amri za lspci na rfkill zitasema. Ikiwa unaonekana lakini hauunganiki, shuku nywila. Ikiwa umeunganika lakini kurasa hazifunguki, jaribu kufikia anwani ya tarakimu tupu, kama 8.8.8.8, ikijibu, njia ni nzima na kinachosumbua ni ile huduma ya kugeuza majina kuwa anwani. Hauonekani, hauunganiki, hazifunguki: watoto wa darasa la sita wanavijua vitenzi hivyo.

Lakini kauli ya kutendeka ina hila yake, na mimi niliitumia. "Faili zimefutika." "Mipangilio imebadilika." Tunapoongea hivyo mtenda hutoweka, na mara nyingi mtenda aliyetoweka ndiye anayeongea. Wasaidizi wazoefu wanaijua hila hii, ndiyo maana huuliza ulifanya nini kabla ya hapo. Hawakutafutii lawama. Wanatafuta kiima cha sentensi.

Kuna jambo moja ambalo mpenzi wa Kiswahili huenda asilipende. Ujumbe wa kosa usiutafsiri. Katika mazungumzo yale, kompyuta iliandika Permission denied nami, kwa fahari, nikamsomea kijana kuwa ruhusa imekataliwa. Akaniomba nisome kama ilivyoandikwa, herufi kwa herufi, kwani maneno hayo ndiyo yatakayomfikisha kwa wengine waliowahi kukutana nayo. Alikuwa sahihi. Ujumbe wa kosa ni kama nukuu: mwenye tasnifu haruhusiwi kuuremba. Eleza kwa Kiswahili, nukuu kama ulivyokuta.

Na ukipewa amri usiyoielewa, hasa yenye sudo au rm ndani yake, muulize aliyekupa inafanya nini. Mtu mwema hatachukia. Likishatatuka, usiandike "sasa iko sawa, asante" ukanyamaza. Sema ni nini kilichoponya, maana kuna mwingine analala macho na tatizo hilo hilo. Nilimweleza hivyo mkutubi wangu wa Nakuru, akajibu kwamba tayari ameshamsaidia mtu mwingine kwa dawa ile ile.

Jumanne iliyopita binti mmoja wa mwaka wa tatu aliingia ofisini kwangu akiikumbatia laptopu yake, ndani yake pendekezo la utafiti lililostahili kunifikia siku iliyotangulia.

"Prof, imekataa."

"Imekataa nini?"

Akafikiri. "Inawaka vizuri. Inafanya kazi kama dakika kumi. Halafu inajizima."

"Inajizima au inazimika?"

"Inajizima. Hata nikiwa nimechomeka chaji."

Nikamwambia aishike upande wa chini. Ilikuwa moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Tulipoigeuza, matundu ya feni yalikuwa yamezibwa na vumbi la mwaka mzima, nami nikaenda kuazima bisibisi kwa katibu wa idara.