Diazepamu: Dawa ya Siku Chache (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulitenganisha wasiwasi wa kawaida na ule uliokwisha kuwa ugonjwa. Leo tuitazame dawa ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, nayo ni diazepamu.

Ilianza kuuzwa mwaka 1963, matunda ya kazi ya mkemia Leo Sternbach katika maabara ya kampuni ya Roche huko New Jersey, Marekani. Ndugu yake mkubwa, Librium, alitangulia mwaka 1960. Madaktari walizipokea kwa shangwe, na walikuwa na haki: barbiturati, dawa za kutuliza zilizotumika kabla ya hizo, zilimuua kwa urahisi mtu aliyezidisha dozi.

Ubongo una kemikali yake yenyewe ya kutuliza, inayoitwa GABA, ambayo hupunguza kasi ya seli za neva. Diazepamu huipa nguvu GABA hiyo. Kwa hiyo kidonge kile kile anachopewa mwenye hofu kali ndicho kinachosaidia kulegeza misuli iliyokakamaa kwa pepopunda, na humvusha mnywaji wa miaka mingi anayeacha pombe. Ikidungwa, hukata degedege. Wodi ikiikosa, wagonjwa wataumia.

Tatizo ni kwamba ubongo huzoea. Ukisaidiwa kila siku, unapunguza usikivu wake kwa GABA, na kidonge kilichotosha mwezi wa kwanza huanza kuonekana kidogo. Mgonjwa akiacha ghafla baada ya kukitumia kwa muda mrefu, ubongo unabaki bila breki: usingizi unapotea, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio. Wengine hupata degedege, nayo inaweza kuua. Mara nyingi mgonjwa na jamaa zake hudhani ugonjwa wa zamani umerudi, kumbe ni mwili unaidai dawa. Anameza tena, anapata nafuu, na nafuu hiyo inamthibitishia kosa lake. Naomba msomaji alishike hili kuliko yote niliyoandika.

Mwaka 1988 wataalamu wa usalama wa dawa nchini Uingereza walishauri dawa za kundi la diazepamu zitumike kwa wiki mbili hadi nne tu. Huko Newcastle, Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya kuwaachisha wagonjwa kuanzia 1982 hadi 1994. Njia yake ilikuwa kupunguza dozi kidogo kidogo, kwa miezi, kwa mwendo ambao mgonjwa mwenyewe anaumudu.

Hatari nyingine haisubiri miezi. Diazepamu ikichanganywa na pombe, morfini au tramadoli, pumzi hufifia, na mtu anaweza kulala asiamke. Kwa wazee dawa hukaa mwilini siku nyingi na kujilimbikiza. Bibi anapepesuka usiku akienda msalani, anaanguka, nyonga inavunjika.

Kwa hiyo muulize daktari siku ile ile anapokuandikia: nitaimeza kwa siku ngapi, na nitaiachaje? Usimpe jirani vidonge vyako, wala usinunue bila cheti. Na kama umekwisha kuitumia kwa miezi, makala haya yasikufanye uitupe leo. Rudi kwa daktari mpange namna ya kuipunguza.

Wiki ijayo: tiba ya mazungumzo, na dawa zinazofaa kutumiwa kwa muda mrefu.