Hajui kunyonya bado, usimlazimishe

Je, mtoto wako, au wa dadako, amezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37? Basi swali la kwanza kutoka kwa jamaa watakaokuja kukuona huwa ni hili: "Ananyonya?" Akina mama wengi hutokwa na machozi wakisikia hivyo, kwa maana jibu ni la.

Usijilaumu. Kunyonya si jambo jepesi. Mtoto hutakiwa anyonye, ameze na kupumua kwa mpangilio, na uwezo huo huanza kukomaa anapofikisha wiki 32 hadi 34. Kabla ya hapo midomo inaweza kuchezacheza, lakini maziwa yakapotea njia na kuingia mapafuni. Nyanya anayesema "mtie titi tu, atazoea" ana nia njema, ila anaweza kumpalia mtoto.

Ndiyo sababu mtoto wa namna hii hulishwa kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani au mdomoni hadi tumboni. Ukiwa katika wodi kama ile ya Hospitali ya Mama na Mtoto ya Riley, iliyofunguliwa mwaka wa 2009 katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi hapa Eldoret, usiogope kuuona. Kila mara kabla ya kulisha, muuguzi huhakikisha kwamba mpira uko tumboni. Kisha huyaacha maziwa yateremke yenyewe kutoka kwenye bomba la sindano, bila kuyasukuma. Baada ya saa mbili au tatu, tena, mchana na usiku. Tumbo likivimba, au mtoto akitapika kijani au kinyesi kikiwa na damu, chakula husimamishwa na daktari kuitwa upesi.

Kazi yako wewe mama ni maziwa. Anza kukamua saa za kwanza baada ya kujifungua, angalau mara nane kwa siku, hata usiku, mikono ikiwa safi. Siku ya kwanza utapata matone tu. Usiyamwage! Hiyo dang'a humkinga mtoto dhidi ya maradhi, hasa ya matumbo ambayo huwaua watoto wadogo kama hawa. (Asiye na maziwa aulize hospitalini, Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka wa 2019.)

Akianza kumeza vizuri, hupewa kikombe kidogo. Mketishe wima, gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, umwache alambe mwenyewe. Usimmiminie. Chupa ni ngumu kusafisha, tena humzoeza mtoto namna nyingine ya kunyonya. Mara za kwanza kwenye titi, wauguzi wengine hukuambia ukamue kwanza, ili maziwa yasimfurikie.

Sasa baridi. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai unazijua. Mtoto anayehisi baridi huyachoma maziwa yake kutafuta joto badala ya kunenepa. Mvike kofia na nepi tu, umweke kifuani ngozi kwa ngozi, umfunge kwa leso. Utunzaji huu ulianzia Bogotá, Colombia, mwaka wa 1978, na mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri uanze mara tu baada ya kuzaliwa, isipokuwa kwa mtoto aliye mahututi. Baba naye ana kifua; asibaki kwenye benchi nje.

Uzito ukipungua wiki ya kwanza, usishtuke sana. Baadaye mtoto wa gramu 1,500 hutarajiwa kuongeza takriban gramu 20 kwa siku.

Mkisharuhusiwa kwenda nyumbani, asipewe maziwa ya ng'ombe wala maji. Akikataa kunyonya mara mbili mfululizo, akilegea, akigeuka rangi ya samawati au mwili ukiwa baridi, mrudishe hospitalini usiku huohuo, akiwa kifuani mwako.